Milipuko ya Runinga na Matokeo ya Kupika

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Waliohudhuria mjadala wa chama chetu muhula wa pili wanaikumbuka mada ya siku ile: "Vipindi vya runinga vya majaribio ya ajabu ajabu vinawapotosha wanafunzi." Ukumbi ulijaa hata wengine wakakaa madirishani. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, msemaji wa nne, na kengele ya chakula cha jioni ikalia kabla sijafumbua kinywa. Kura zikapigwa haraka haraka, watu wakakimbilia githeri, na upande wetu ukaanguka kwa aibu. Basi nimemwomba mhariri anipe nafasi niyaseme yaliyokuwa kwenye karatasi yangu, pamoja na jambo moja ambalo, kusema kweli, nisingethubutu kulisema siku ile mbele ya mwalimu wetu wa fizikia.

Kwa wale ambao hawajaviona, vipindi hivi ni vya watu wazima wenye akili timamu wanaolipwa ili kulipua vitu. Wanaangusha magari kutoka juu, wanarusha mizinga, wanatia hiki ndani ya kile kisha wanakimbia kujificha. Kinachojulikana zaidi ni MythBusters cha Marekani, kilichoanza mwaka 2003 katika stesheni ya Discovery, na ambacho watangazaji wake wa kwanza, Adam Savage na Jamie Hyneman, walikiendesha hadi mwaka 2016. Mtindo wao ulikuwa kuchukua jambo ambalo watu wamelisikia na kuliamini, kulijaribu kwa vitendo, kisha kutoa hukumu: ni uzushi, yawezekana, au ni kweli. Na hebu sikieni hili. Mabwana hao wawili hawakuwa wanasayansi. Kazi yao ilikuwa kuunda vitu vya ajabu vya kutumiwa katika filamu, na huyo Hyneman chuoni alisomea Kirusi! (Wanachama wenzangu mnaoambiwa kila siku kwamba lugha haitawafikisha popote, lishikeni hilo.)

Mimi nilikijua kipindi hicho nyumbani kwa mjomba wangu, Nakuru, wakati wa likizo. Mjomba ni fundi wa magari, na hana subira hata chembe na mtu anayejidai kujua. Lakini kipindi kikianza, redio inazimwa, watoto wananyamazishwa, naye anaanza kubishana na runinga kana kwamba wale watu wanamsikia. "Hiyo chuma haitashika! Ngoja uone!" Mara nyingi ilikuwa kweli haikushika. Kilichomfurahisha mjomba ni kwamba wale jamaa nao walikuwa wakisema wazi kwamba haikushika, halafu wanarudi karakanani kuanza upya. Nilikuja kulielewa jambo hili baadaye sana.

Turudi ukumbini. Msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono alileta hoja ya hatari, na mimi hapo sibishani naye kabisa. Tarehe 6 Desemba 2011 hao hao MythBusters walikuwa wakifyatua tufe la mzinga katika uwanja wa polisi wa kulipulia mabomu, karibu na mji wa Dublin, jimbo la California. Tufe likakosa shabaha, likaruka nje ya uwanja, likaingia katika nyumba ya watu kupitia mlangoni, likatokea ukutani kwenye chumba cha kulala cha ghorofani, likavuka barabara, likagonga paa la nyumba nyingine na kuishia ndani ya gari lililoegeshwa. Kwa bahati hakuna aliyejeruhiwa. Hao ni watu wenye wataalamu wa mabomu kando yao. Sasa wewe na kiberiti chako nyuma ya bweni, una nani kando yako? Wakisema usijaribu nyumbani, usijaribu. Hoja hiyo tuliwaachia.

Msemaji wa pili akasema kwamba ni mchezo tu, watu wanacheka na hakuna wanachojifunza. Akatukumbusha yale ya bweni letu, pale wadogo zetu wawili wa mwaka ule walipotumbukiza peremende za Mentos katika chupa kubwa ya soda. Dari ililowa, magodoro matatu yakalowa, nao wakasugua ukumbi wa bweni wiki nzima. Ukumbi wote ulicheka, na kusema haki hata mimi nilicheka. Lakini niliwahi kuwauliza wale wadogo zetu kwa nini soda iliruka. Mmoja akasema ni asidi. Mwingine akasema ni sukari. Hakuna aliyejua, na sababu yake ni kwamba walichokiona kwenye simu ya ndugu yao kilikuwa kipande cha sekunde chache tu: peremende inaingia, soda inaruka, basi.

Mwaka 2006 MythBusters walilichambua jambo lile lile kitu kimoja kimoja. Walitaka kujua ni nini katika soda na ni nini katika peremende kinachofanya kazi. Gesi iliyobanwa ndani ya soda hutafuta mahali pa kuanzia kipovu. Uso wa ile peremende, ukiuona mkononi unadhani ni laini, kumbe umejaa vishimo vidogo mno visivyohesabika, na kila kishimo ni mahali pa kipovu kuzaliwa. Isitoshe peremende ni nzito, inazama hadi chini ya chupa, kwa hiyo mapovu yanazaliwa chini na kuisukuma soda yote iliyo juu yake. Si moto, si sumu, si uchawi. Sasa nauliza, aliyepotosha ni kipindi au ni sisi tunaokata mlipuko na kuutupa ufafanuzi? Tunafanya kama mtu anayekula ganda la chungwa kisha analalamika kwamba ni chungu.

Msemaji wa tatu ndiye aliyetumaliza. Alisimama, akarekebisha tai, akasema kwa sauti ya polepole: "Vipindi hivi vinadanganya." Makofi! Karatasi yangu ilikuwa imeandaliwa kumjibu yeye hasa. Lakini nikiwa mkweli, lazima kwanza nikubali kwamba upo mfano mmoja ambao ana haki nao, na mfano huo ndio ulioninyima usingizi.

Uingereza palikuwa na kipindi kinachoitwa Brainiac, kilichoonyeshwa kati ya mwaka 2003 na 2008, na mtangazaji wake wa kwanza alikuwa Richard Hammond, yule wa vipindi vya magari. Kilikuwa cha vurugu kuliko MythBusters. Kipande chake kilichovuma zaidi kilihusu zile metali za kundi la kwanza tulizozisoma katika kemia. Mnazikumbuka: lithiamu, sodiamu, potasiamu, kisha zile mbili ambazo hakuna shule itakayokuonyesha, rubidiamu na sesiamu. Mwalimu alitufunza kwamba kadiri unavyoshuka katika kundi, ndivyo metali inavyozidi kuwa kali majini. Jamaa wa Brainiac wakachukua beseni kubwa la kuogea lililojaa maji na kutumbukiza metali hizo. Ilipofika zamu ya rubidiamu na sesiamu, mlipuko ulikuwa wa kutisha, beseni likavunjika vipande vipande. Niliitazama klipu hiyo kwenye simu ya kaka yangu mara kumi hivi. Nilisema moyoni, ama kweli sayansi ni tamu.

Kumbe! Njia ya mwongo ni fupi. Mwaka 2006 daktari mmoja aitwaye Ben Goldacre, aliyekuwa na safu katika gazeti la The Guardian, alifichua kwamba mlipuko ule ulikuwa wa bandia. Metali yenyewe ilipotiwa majini haikufanya kishindo walichokitarajia, kwa hiyo ndani ya beseni kikategwa kilipuzi, na watazamaji wakaonyeshwa hicho.

Niliposoma habari hiyo sikukasirika mara moja. Nilikaa nikajiuliza, kwa nini sesiamu ilikataa? Mbona kitabu kinasema ndiyo kali zaidi? Nikachukua kalamu. Uzito wa atomi ya sodiamu ni 23, wa sesiamu ni 133. Kwa hiyo gramu moja ya sodiamu ina atomi karibu mara 6 ya zile zilizo katika gramu moja ya sesiamu. Na kila atomi, iwe ya sodiamu au ya sesiamu, hutoa kiasi kile kile cha hidrojeni inapokutana na maji. Ina maana kwamba sesiamu huyarukia maji kwa hasira kuliko wenzake wote, lakini gesi inayotoka kwa kila gramu ni kidogo! Jamani, si hilo ni jambo la ajabu kuliko beseni kuvunjika? Kukataa kwa sesiamu ndiko kulikokuwa na somo, nao wakalizika somo hilo chini ya baruti kwa sababu jibu lililotoka halikufanana na jibu walilolitaka.

Walinganishe na wale wa Marekani. Kuna hadithi ya kale kwamba Archimedes, yule mwanahisabati wa mji wa Syracuse, aliziteketeza meli za Warumi kwa kumulika jua na vioo. MythBusters waliijaribu hadithi hii mwaka 2004, wakasema ni uzushi. Watazamaji wakapinga. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha MIT walipanga vioo 127, na kwenye umbali wa kama mita 30 wakafaulu kuwasha moto ubavu wa mfano wa chombo uliokaa tuli, siku mbingu zilipokuwa wazi. MythBusters hawakununa. Waliwaalika wanafunzi hao, wakairudia kazi pamoja, na ilipoonyeshwa mwaka 2006 hukumu ikabaki ni uzushi, maana chombo cha adui hakikai tuli kikingojea mawingu yapite. Mwaka 2010 wakairudia mara ya tatu, safari hii kwa ombi la Rais Barack Obama mwenyewe, ndiyo, huyo huyo ambaye babake alitoka kwetu Kogelo. Watu 500 wakashika vioo. Meli haikuwaka.

Fikirini basi. Rais wa Marekani amekuja kwenye kipindi chenu, watu 500 wamesimama juani, kamera zote zimewashwa, na meli inakataa kuwaka. Chupa moja ya petroli ingetosha kuokoa siku. Nao wakasema mbele ya ulimwengu kwamba imeshindikana. Walichokipata ni kitu ambacho hawakukiendea: Hyneman, aliyekuwa chomboni, aliona kwamba mwanga wa vioo vile ulimpofusha macho, kwa hiyo huenda Archimedes angeweza kuwachanganya mabaharia hata kama hangeweza kuwachoma. Savage aliwahi kusema, kwa maana hii, kwamba kinachotenganisha sayansi na upuuzi ni kuyaandika yaliyotokea. Yaliyotokea, si yaliyotakiwa kutokea.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Msituulize kama kipindi kina kelele au kina vichekesho. Tuulizeni kinafanya nini jaribio likikataa.

Na sasa lile jambo nililoahidi.

Muhula wa kwanza tulipewa kazi ya pendulamu. Uzi, gololi ya chuma, stendi na saa. Unafunga gololi kwenye uzi wa sentimita 50, unaiacha ibembee mara 20, unaandika muda. Unaongeza urefu hadi sentimita 100, unachora grafu, na kutokana na mwinamo wa grafu unapata nguvu ya mvutano wa ardhi, ile g ambayo kitabu kinasema ni 9.81. Nilifanya kazi na mwenzangu wa meza moja ambaye hapa nitamwita Kimya, maana ndiye pekee darasani asiyeandikwa jina la wapiga kelele. Yeye alishika saa. Mimi nilihesabu, kwa sauti.

Tulipomaliza, nukta zetu zilikaa kwenye mstari ulionyooka kama rula. Lakini hesabu ikatoa 10.9. Kimya akashtuka. Mimi sikushtuka, kwa sababu nilijua dawa, na ninyi nyote mnaijua. Unaanzia kwenye jibu unarudi kinyumenyume. Unachukua 9.81, unatafuta muda uliopaswa kutokea kwa kila urefu, unapunguza kidogo hapa, unaongeza kidogo pale ili isionekane imenyooka kupita kiasi. Kwa sentimita 100 saa ilikuwa imesema sekunde 38.1. Mimi niliandika 40.1. Tunaita kupika, na tunalisema bila haya, kana kwamba maabara ni jikoni.

Nilipata 20 kwa 20, na maneno "Kazi safi sana" kwa wino mwekundu. Kimya aliacha 10.9 yake kama ilivyokuwa. Alipata 11, na akaambiwa mbele ya darasa kwamba awe makini zaidi. Nilikuwa nimekaa kando yake. Sikusema neno.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tukifyeka kando ya ua wa shule, na kila mmoja alipewa sehemu yake kwa kuhesabu nguzo. Kimya akasimama ghafla, panga mkononi, akasema: "Nguzo 20, lakini nafasi kati yake ni 19." Akanigeukia. "Wewe siku ile ulianza kuhesabu na moja ulipoiachilia gololi, ama?" Ndivyo. Nilipaswa kuanza na sifuri. Nilipofika 20, gololi ilikuwa imebembea mara 19 tu. Kosa lilikuwa langu, la mdomo wangu mimi niliyepata 20 kwa 20. Na ukikokotoa, kosa hilo peke yake ndilo linaloifanya g iwe kama 10.9. Ile namba "mbaya" ilikuwa inatuambia wazi wazi tulikokosea, kwa mtu mwenye masikio. Mimi nilikuwa nimeiziba mdomo.

Fundi wa maabara alituruhusu kurudia wakati wa chakula cha mchana. Tulipata 9.7. Halafu Kimya, ambaye siku hizi hakamatiki, akachimba vitabuni akaniletea jingine. Ile 9.81 si namba ya hapa kwetu. Mvutano wa ardhi haulingani kila mahali. Kwenye ncha za dunia ni kama 9.83, hapa ikweta usawa wa bahari ni kama 9.78, na hupungua kidogo zaidi ukipanda milimani. Darasa letu zima, wanafunzi zaidi ya 40 katika nchi inayopitiwa na ikweta, tuliandika 9.81 au jirani yake. Tulipika mvutano wa Ulaya tukasema tumeupima Kenya! Beseni la Brainiac lilikuwa moja. Sisi tulikuwa na mabeseni 20 na zaidi, na hakuna Goldacre aliyekuja kutufichua.

Najua mtaniambia: we dada, mtihani wa vitendo wa KCSE hautaki hadithi za nguzo za ua, unataka jibu. Hata mimi naogopa mtihani. Lakini nawauliza walimu wetu kwa heshima zote: mwanafunzi akileta 10.9, grafu yake imenyooka, na chini yake ameandika anachodhani kimeharibika, kwa nini apate alama chache kuliko aliyeleta 9.81 isiyo na doa? Siku alama zitakapotolewa kwa maelezo hayo, upishi utapungua wenyewe, maana hakuna anayepika bure.

Kwa mwalimu anayesimamia burudani ya Jumamosi, nina ombi dogo. Badala ya zile filamu za makonde tulizokwisha kuzikariri, tuonyeshwe kipindi kizima cha MythBusters, tangu mwanzo hadi hukumu, na kisimamishwe katikati kila mtu aandike anachodhani kitatokea. Hata Brainiac ionyeshwe, kipande kile kile cha beseni, halafu wa kemia watuambie uongo uko wapi. Msemaji wa tatu na tai yake nampa kiti cha mbele.

Na kwako, mwalimu wangu wa fizikia, ambaye najua huwa unalisoma gazeti hili kutoka jalada hadi jalada: daftari langu limo katika kabati la maabara, rafu ya pili. Ule ukurasa wa pendulamu sikuurarua. Pembeni ya 40.1 nimeandika 38.1 kwa kalamu ya risasi. Naomba zile 20 uziondoe, na 11 za Kimya uzisahihishe upya. Yeye hajui kwamba nimeandika haya.